Maji ya Gari

Mkwe wangu Kimanzi alikuwa na gari bovu, na mimi nililisema vibaya gari hilo kutoka Muthetheni mpaka Kitale. Nitasimulia mambo kama yalivyokuwa, na anayetaka kunicheka anicheke. Umri wangu ni miaka sitini na mitatu, jina langu ni Kamanthe, na hasira zangu zinajulikana kuanzia sokoni mpaka kanisani. Sijawahi kuzikanusha.

Lakini kwanza habari ya mguu, kwa sababu bila mguu hakuna hadithi.

Miaka miwili iliyopita nilitoka kumzika dada yangu huko Voi, nikapanda basi la kurudi nyumbani, nikakaa dirishani na mkoba juu ya mapaja. Sikuinuka hata mara moja. Nilipofika Machakos mguu wa kushoto ulikuwa umefura hivi kwamba kiatu kilikataa kutoka, ikabidi kikatwe kwa kisu. Nililazwa siku kumi na moja. Daktari alikuwa msichana mdogo asiye na subira, na mimi nampenda kwa hilo, maana nami sina. Aliniambia damu imeganda ndani ya shavu la mguu, na siku lile donge litakapong'oka na kupanda mpaka kwenye mapafu, watoto wangu waanze kuchimba kaburi.

"Mama, safari ndefu si ya kukaa kama gunia la mahindi," akasema. "Kila saa moja na nusu, shuka utembee. Kunywa maji. Usikunje mguu mmoja juu ya mwingine. Vaa hizi soksi za kubana asubuhi, kabla hujashuka kitandani. Na ukiwa umekaa, chezesha nyayo juu na chini, au andika hewani kwa kidole gumba cha mguu."

"Niandike nini? Mimi niliishia darasa la nne."

"Andika jina lako."

Basi nikarudi nyumbani nikaapa sitasafiri tena, na kwa miaka miwili sikupita Masii, mji wetu wa karibu. Kuapa ni rahisi kabla mjukuu hajazaliwa.

Kitinda mimba wangu, Ndila, ni mwalimu huko Kitale. Kwetu Ukambani binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na wa pili ndiye anayepewa jina la mama yake mama. Ndila akazaa msichana, jina likaenda upande wa kina Kimanzi, sawa. Kisha akazaa mvulana. Mimi nikangoja. Miaka minane tangu arusi yao nimengoja, nikijifanya sina haraka. Halafu siku moja ya Jumanne, nikiwa nachambua ndengu, simu ikalia, na Ndila akaniita mama kwa Kikamba, akasema, "Mwaitu, Kamanthe amefika."

Nililia mpaka ndengu zikalowa. Nikamwambia nakuja.

"Huji," akasema. "Umesahau mguu? Nitakutumia picha."

"Picha haibebwi mgongoni, Ndila. Nakuja, hata kwa kutambaa."

Tulivutana siku nne. Ananijua, nikishika neno sishushi. Mwisho akasema, "Haya. Lakini si kwa basi. Kimanzi yuko likizo, atakuja na gari yetu akuchukue."

Hapo ndipo nilipokwama.

Sisi Wakamba tuna kitu tunachokiita nthoni. Ni haya na heshima zikiwa kitu kimoja. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaketi karibu, na wakikutana njiani kila mmoja anampisha mwenzake. Siku hizi nawaona vijana wanawakumbatia wakwe zao kwenye arusi, wanapiga picha shavu kwa shavu. Shauri yao. Mimi sikulelewa hivyo, na Kimanzi, nampa haki yake, naye hakulelewa hivyo. Tangu amwoe binti yangu hatukuwa tumesemezana hata maneno kumi.

Na sasa nikae naye ndani ya kigari kimoja kutwa nzima!

Nikamwapisha Ndila. "Habari ya mguu wangu usimwambie mume wako. Ati mkwe ajue mambo ya miguu ya mama mkwe wake! Afadhali nife."

"Mwaitu, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Apa."

Akaapa, huku akisonya.

Jirani yangu Kasiva, ambaye ana ushauri kuhusu kila kitu mpaka namna ya kukohoa, alikuja jioni kuniaga. "Usinywe maji," akaniambia. "Anza leo. Ukinywa utataka kushuka, na utamwambiaje mkwe wako asimamishe gari ukajisaidie? Utamwambia nini? Kwa mdomo gani?" Nikaona mwanamke huyu ana akili. Nikamwaga hata chai iliyokuwa kikombeni.

Ndivyo nilivyojifunga mwenyewe. Daktari alisema shuka, tembea, kunywa. Nthoni ilisema kaa, nyamaza, usiombe. Sheria mbili, mguu mmoja. Nilijua vizuri kabisa kwamba nikifuata ya pili huenda nisimwone Kamanthe mdogo, au nimwone mara moja tu. Usiku ule nilisali, nikamwambia Mungu achague yeye, maana mimi nilikwisha kuchagua heshima.

Kimanzi alifika saa kumi na mbili asubuhi, kutoka Mlolongo alikolala kwa kaka yake. Yeye ni dereva wa malori, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa. Hakuingia uani. Alisimama langoni macho chini, kama inavyompasa, nami nikapita macho chini, kama inavyonipasa. Akapakia kiondo changu, ndengu, unga wa uji wa mzazi, na kuku mmoja niliyemfunga miguu kwa kamba ya katani. Kisha nikamwona anazunguka nyuma ya ghala na simu sikioni. Hakukawia. Alirudi, akaketi, akageuza kile kioo cha ndani kikatazama paa la gari, ili asinione hata kwa bahati mbaya. Nikasema moyoni, huyu amelelewa na watu.

Simu bado ilikuwa sikioni mwake. "Mwambie mama," akamwambia Ndila, "hizo chupa ziko hapo nyuma ni maji ya gari. Hii gari inachemka."

Chupa nne zilikuwa kando yangu kwenye kiti. Nikazisogeza mbali kidogo.

Hata saa moja na nusu haikuisha. Tulipofika Kyumvi, pale barabara ya Machakos inapokutana na ile ya Mombasa, akaingiza gari kwenye kituo cha petroli, akazima, akafungua boneti. Mimi nikabaki nimekaa. Akamtoa kuku, akamfungua kamba, akamweka chini.

"Kuku akifungwa miguu kutwa nzima," akamwambia yule kuku, "akifika hawezi kusimama."

Nikafikiri, mwanamume anaongea na kuku, kweli safari hii itakuwa ndefu.

Kisha akaigeukia injini. "Itachukua robo saa kupoa. Na huko ndani kutakuwa na joto."

Kweli kulikuwa na joto, na zile soksi zilikuwa zinanichoma kama nimeingia kwenye uji. Nikashuka. Kwa kuwa nimeshuka, na kwa kuwa choo kilikuwa pale, nikaenda. Kisha nikatembea mpaka kwa mama mmoja muuza maembe nikarudi, nikaenda tena, nikarudi, kwa sababu kusimama karibu na mkwe si adabu. Yeye alikuwa amenipa mgongo, kichwa ndani ya boneti.

Tukapita Mlolongo, malori yamepanga foleni ya mizani. Tukapita Nairobi kwa pembeni. Nilivua kiatu kimoja kimyakimya, nikaanza kuandika hewani. Jaribu kuandika K kwa kidole cha mguu ndipo utaheshimu walimu. Niliandika KAMANTHE mara ya kwanza kwa ajili yangu, mara ya pili kwa ajili ya mtoto, na kufikia mara ya tano nilikuwa na kiu ya kufa. Jua lilikuwa limepanda. Tangu jana jioni sijatia kitu kinywani ila mkate. Na kando yangu, chupa nne.

Mimi ni mweka hazina wa kina mama kanisani kwetu. Sijawahi kuchukua hata kijiko cha mtu. Nilizitazama zile chupa tangu Limuru mpaka tulipoanza kuteremka bondeni. Kisha nikachukua moja, nikainama kama ninayefunga kiatu, nikanywa nusu. Yalikuwa maji matamu kuliko yote niliyopata kunywa, na aibu yake ilikuwa chungu vilevile. Nimeiba maji ya gari la mkwe wangu! Nikiua injini je?

Karibu na Naivasha gari likachemka tena. Kituo cha petroli, boneti juu. Akaja kuchukua chupa, akaiona ile iliyo nusu. Nikatazama mlima Longonot kama mtu aliyetumwa kuulinda. Yeye hakusema neno kwangu. Aliliambia gari, "Leo iko na kiu, hii." Akaenda dukani akarudi na chupa mbili zaidi, akaziweka kwenye kiti, baridi, zinatoa jasho. Nikajilaumu sana. Kisha tulipoondoka nikanywa moja yote.

Nakuru likachemka. Tulipofika Salgaa likachemka tena. Ebo! Hasira zilianza kunipanda. Mtu anafanya kazi ya udereva, mkono wake unajua magari tangu ujana, halafu anakuja kumchukua mama mkwe wake na kitu kama hiki! Binti yangu anasafiri na watoto ndani ya hili? Salgaa alipofungua boneti nilisema kwa sauti, nikimwambia kuku, "Wewe kuku, sisi hatushuki tena. Tumechoka na maonyesho."

Kimanzi alisimama pale muda mrefu. Nilisikia vidole vyake vikigonga bati. Alimfungua kuku, akamtembeza, akamfunga. Alikohoa. Alitazama angani. Mwishowe akafunga boneti, tukaondoka, nami nikajisikia nimeshinda.

Ushindi wangu haukufika mbali. Tulipoukaribia mlima wa Timboroa, mguu wa kushoto ulianza kunivuta kwa ndani, pale pale kwenye shavu, vilevile kama siku ya basi. Nikabonyeza kwa kidole juu ya soksi. Nikaandika jina haraka haraka kwa mguu, nikakosea herufi. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Nilimwona Kamanthe mdogo akibebwa na watu wengine na mimi sipo. Na bado, nisikilize vizuri, bado sikuweza kufungua mdomo nikamwambia yule mwanamume simama. Neno lilifika kooni likakaa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mlima ulipoanza tu, gari likasimama lenyewe. Ndivyo nilivyodhani. Kimanzi akashuka, akalizunguka, akapiga gurudumu teke, akaliambia lile gurudumu, "Hii gari haipandi huu mlima na mzigo. Lazima ipunguzwe."

Nikatazama mzigo. Ndengu, debe moja. Unga, kilo kumi. Kuku mmoja, mwembamba. Nikatazama tena. Kisha nikaelewa mzigo ni nani.

Ala! Mimi! Kamanthe binti Muli wa Muthetheni, niliyelipiwa mahari ya ng'ombe na mbuzi na asali, leo naitwa mzigo mbele ya gurudumu! Nilishuka nikaubamiza mlango mpaka kuku akapiga kelele. Gari likaanza kupanda polepole, taa za nyuma zinawaka na kuzima, na mimi nyuma yake kwa miguu. Kulikuwa na manyunyu na baridi ya kule juu inayoingia mpaka kwenye meno. Kila hatua niliikanyaga kwa nguvu kama ninayemkanyaga yeye. Nilimtukana kwa Kikamba, kwa Kiswahili, na kwa kile Kiingereza kidogo cha darasa la nne. Gari halikunitangulia sana. Nikipunguza mwendo, nalo linapunguza. Nikisimama kupumua, linasimama.

Nilipofika pale barabara inapolala, alikuwa amefungua mlango wangu na kusogea mbali. Niliingia natweta. Ni baada ya dakika kadhaa ndipo nilipokumbuka mguu. Ulikuwa umetulia. Nikajiambia ni hasira zimeuponya.

Tulifika Kitale jua linazama. Ndila alinipa mtoto hata kabla sijakaa. Sitaeleza sana. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ana paji langu la uso na kero zangu, maana alinitazama akakunja uso papo hapo. Nikamwambia, "Ndiyo, ni mimi, usinune, tunafanana."

Kimanzi alitoweka jikoni. Ndila akapiga magoti mbele yangu, akaniteremsha soksi kama mtoto, akabonyeza kifundo cha mguu wa kushoto kwa kidole gumba. Hakikubaki na shimo, maana hakikuwa kimefura. Akabonyeza wa kulia. Sawasawa. Akashusha pumzi ambayo naona alikuwa ameishika tangu asubuhi.

"Ni bahati tu," nikasema. "Si kwa sababu ya hilo gari lenu." Na hapo nikafungua kinywa. Nikamweleza yote: Kyumvi, Naivasha, Nakuru, Salgaa, na ule mlima nilioitwa mzigo. Nikamwambia akimpenda mumewe amwambie auze lile bati. Ndila alianza kucheka nikiwa Nakuru. Nilipofika mlimani alikuwa anashikilia tumbo, machozi yanamtoka, ananiomba niache kwa sababu mshono wa uzazi utafunguka.

"Mwaitu," akasema alipopata pumzi, "hiyo gari haijawahi kuchemka. Haijachemka hata siku moja."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona boneti."

Nikautazama mlango wa jikoni. Kisha nikasema, "Ulimwambia. Uliapa, ukamwambia."

"Sikumwambia!" Alikasirika, ana hasira zangu huyu. "Alinipigia simu akiwa pale kwako, nyuma ya ghala. Akaniuliza, 'Mama anaumwa mguu wa kushoto?' Nikanyamaza, kwa sababu uliniapisha. Nilinyamaza tu, Mwaitu. Naye akanyamaza. Kisha akasema, 'Sawa. Basi gari imeanza kuchemka.'"

"Na alijuaje?"

"Kiatu. Anasema kiatu chako cha kushoto hukukifunga kishikizo."

Nilitazama miguu yangu. Ni kweli. Tangu ule ugonjwa sikifungi, nakiacha wazi kifundo kipate nafasi. Hakuna aliyewahi kuona, hata Kasiva mwenye macho ya mwewe. Lakini mkwe anayekuheshimu hutazama chini, na huko chini ndiko viatu viliko.

Ndila alikuwa ameacha kucheka. "Unamkumbuka Muli? Yule alisimamia Kimanzi siku ya arusi yetu?"

Nilimkumbuka. Jina lake lilikuwa sawa na la baba yangu, kwa hiyo nilimpa nyama ya ziada.

"Mwaka juzi walitoka Malaba pamoja, kila mtu na lori yake. Muli hakutaka kusimama, alitaka kufika mapema. Alikaa kwa kiti kutoka huko mpakani hadi Mlolongo. Akashuka, akamwambia Kimanzi mguu unamuuma kidogo, akatembea hatua nne, akaanguka. Hakuinuka tena. Kimanzi ndiye alimshika kichwa." Ndila alimpangusa mtoto mdomo ingawa haukuwa na kitu. "Hasemi habari hiyo. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtu anakaa ndani ya gari yake saa mbili bila kushuka. Hata kuku."

Basi nikafikiria safari nzima upya, kutoka mwisho mpaka mwanzo. Kumbe kila gari lilipochemka, lilichemka mahali penye choo. Kumbe maji niliyoyaiba yalikuwa yangu. Kumbe alinifanya nimtukane kupanda mlima mzima, na alikubali kutukanwa, alimradi ule mguu ufanye kazi. Nililia mbele ya binti yangu na mjukuu wangu, bila kujificha. Jikoni nilisikia vikombe vikigongana. Mkwe wangu alikuwa ananipikia chai ambayo hangeweza kuniletea mwenyewe.

Nilitaka kumshukuru. Lakini kwa mdomo gani?

Nilikaa Kitale majuma matatu. Nilimbeba Kamanthe mpaka mgongo ukaniuma, jambo ambalo daktari hakuwa amelikataza. Kimanzi alirudi kazini, akawa hayupo. Siku ya kunirudisha nyumbani alitoka safarini jana yake jioni, akalala kidogo, asubuhi akanifungulia mlango wa nyuma na kusogea mbali. Chupa nne zilikuwa kwenye kiti. Kioo kilitazama paa.

Gari lilichemka Eldoret. Nikashuka bila kuambiwa, nikatembea kama mwanajeshi. Likachemka Nakuru, likachemka Naivasha, nami nilishuka kila mara na kunywa maji yangu waziwazi. Lakini safari hii, kwa kuwa sikuwa na hasira za kunifunga macho, niliona kitu. Nilipokuwa natembea, yeye hatembei. Barabara ilikuwa yangu; angetembea tungekutana, na hilo alilikwepa. Alisimama tu kwenye boneti, amenigeuzia mgongo, mpaka nimalize. Kisha anarudi kwenye kile kiti.

Nami nilikuwa natazama chini, kwa heshima. Naivasha nikaviona viatu vyake. Buti la kulia kamba zake zilikuwa zimelegezwa mpaka chini, ulimi wake umetoka nje. Soksi ilikuwa imechora mfereji kwenye nyama.

Mtu huyu ametoka Malaba jana, Mombasa kabla ya hapo, na leo ananiendesha mimi. Anashusha kila mtu, anashusha kuku, na mwenyewe nani anamshusha?

Sikuandika jina tena kwa mguu. Nilikaa nikitazama kisogo chake mpaka Nairobi ikapita. Tulipofika Mlolongo hakusimama. Aliongeza mwendo kidogo, macho mbele, mikono imekaza usukani. Nikaelewa kwamba pale ndipo. Nikahesabu moyoni hatua nne.

Neno lilipanda tena mpaka kooni, likakaa palepale lilipokaa siku ya Timboroa. Nililisukuma. Nilimfikiria Ndila na watoto watatu. Tulikuwa tunakaribia Kyumvi, naona bango la kuingia Machakos.

"Hii gari imechemka," nikasema.

Niliona masikio yake yakishtuka. Miaka minane, na mimi ndiye niliyeanza. Akainamia ule mshale wa joto, akaukagua.

"Mama, iko sawa," akauambia usukani, taratibu sana.

"Imechemka. Nasikia joto lake hapa nyuma. Simamisha."

Akasimamisha, kituo kilekile cha siku ya kwanza. Akashuka, akafungua boneti, akasimama nyuma yake kama kawaida yake. Nikashuka nami. Sikwenda kwa yule mama wa maembe. Nilisimama upande wangu wa lile bati, tusionane, nikaongea na taa ya mbele.

"Wewe gari," nikasema, "hutawaka kama dereva wako hajatembea mpaka ule mti na kurudi. Mara nne. Hata kama itafika jioni, mimi sina haraka, nimeshamwona mjukuu."

Malori yalipita. Chini ya bampa niliyaona yale mabuti mawili, hayasogei. Nilifikiri nimemkosea, kwamba nimevunja kitu ambacho hakiungiki. Kisha buti la kulia likainuka. Likasogea, na la kushoto likalifuata, polepole, yakichechemea mwanzoni, yakielekea kwenye mti.

Mimi nikashika njia ya upande wa pili. Tulipishana mara nne pale kituoni, mama mkwe na mkwe wake, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi na kutazama chini, kama inavyotupasa. Watu wa petroli walituangalia sana. Mara ya tatu aliacha kuchechemea.

Kabla sijaingia nilichukua chupa moja kutoka kiti cha nyuma, nikaiweka juu ya injini mahali atakapoiona, nikasema, "Maji ya gari." Nikaketi, nikafunga mlango taratibu.

Kupitia upenyo wa boneti nilimwona akiishika. Hakuitilia injini hata tone. Aliinywa yote.